Kumfundisha Mtoto Sumaku: Utangulizi kutoka Haneti

Katika kata ya Haneti, wilayani Chamwino, mwalimu wa darasa la awali ana kifaa cha sayansi ambacho hahitaji kukinunua popote: mchanga wa korongo. Subiri kiangazi, maji ya mvua yakiwa yameshakauka. Chukua sumaku, ifunge kwa karatasi nyepesi, iburute polepole juu ya mchanga, kisha inyanyue uitazame kwa chini. Utakuta chembe nyeusi zimeganda kwenye karatasi, nyingine zimesimama wima kwenye kingo za sumaku. Itoe sumaku ndani ya karatasi, na chembe zote zinaanguka papo hapo. Zikinge kwenye kisoda. Hiyo ni magnetaiti, madini ya chuma na oksijeni, na ndiyo sumaku ya kwanza ambayo binadamu aliifahamu, maelfu ya miaka kabla ya kiwanda chochote kutengeneza sumaku.

Utangulizi huu nimeuandika kwa mwalimu, mzazi au mlezi anayetaka kumweleza mtoto wa miaka mitano hadi minane sumaku ni nini, na kwa nini moja ina nguvu kuliko nyingine. Ni fani ndogo yenye mlango mpana. Ndani yake mna fizikia, mna jiolojia, mna ubaharia, na mna elimu ya jinsi mtoto mdogo anavyofikiri. Msomaji asiyewahi kusoma fizikia asiogope. Ninayoyataka kwake ni macho, mikono na subira ya kumwacha mtoto ashike kitu kabla hajaelezwa. Msimamo wangu nautaja mapema: mtoto afundishwe kuipima nguvu ya sumaku kabla ya kufundishwa kuieleza, na kipimo chake kianze na vitu vya palepale alipo.

Nimeichagua Haneti kwa sababu ardhi yake inafundisha. Vilima vya huko vina miamba ya kale sana, ya kundi ambalo wanajiolojia huliita mfumo wa Dodoma, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2. Sehemu ya miamba hiyo hapo awali ilikuwa imejaa olivini, madini ya kijani yanayotoka kina kirefu cha Dunia, yenye magnesi na chuma. Maji ya moto yalipopenya ndani yake kwa muda mrefu, olivini iligeuka kuwa sapentinaiti, jiwe laini lenye utelezi na rangi ya kijani iliyokolea. Katika mageuzi hayo chuma kilichokuwa ndani ya olivini hakikupata nafasi ya kutosha katika jiwe jipya. Kikajitenga, kikaungana na oksijeni, kikawa chembe za magnetaiti. Mvua na jua vikalimomonyoa jiwe, chembe zikasombwa hadi makorongoni, na zikabaki kwa sababu ni nzito kuliko mchanga wa kawaida.

Kwa hiyo mtoto anaweza kuifuata magnetaiti nyuma hadi ilikotoka. Mpe kipande cha jiwe la kilimani, kikubwa kama ncha ya kidole gumba. Kifungeni kwa uzi mrefu, kining'inizwe kwenye tawi mahali pasipo na upepo, kitulie. Kisogezee sumaku kwa pembeni bila kugusa. Kipande chenye magnetaiti ya kutosha kitaiendea sumaku. Cha kwatzi nyeupe hakitatikisika. Kwa macho mawe mawili yanaweza kufanana, lakini uzi unayatenganisha. Wanajiolojia hufanya jambo hilohilo kwa ukubwa zaidi: mwishoni mwa miaka ya 1970 ndege zilipita juu ya nchi yetu zikipima nguvu ya sumaku ya ardhi, na ramani za aina hiyo ni kazi ya kila siku ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, yenye makao yake jijini Dodoma. Watafutaji wa nikeli waliofika kwenye kilima cha Mihanza, hapo hapo Haneti, nao walikuja kwa sababu ya miamba ya aina hii.

Nikeli inastahili maelezo zaidi, maana ndipo mwalimu mwangalifu anapoweza kunaswa na swali la mtoto. Haneti inajulikana kwa vito vya kijani vinavyoitwa krisopresi. Kijani chake kinatokana na nikeli. Na nikeli, pamoja na chuma na kobalti, ni metali tatu za kawaida ambazo sumaku huzivuta kwa nguvu katika joto tulilozoea. Basi mtoto akiuliza: mbona jiwe la kijani halivutwi? Swali hilo ni zuri kuliko majibu mengi. Nikeli iliyo ndani ya krisopresi ni kidogo mno, tena imetawanyika na kufungamana na silika na maji. Haijakaa pamoja kama metali. Atomu zake ziko mbalimbali na haziwezi kusaidiana. Kwa mtoto wa miaka sita inatosha kumwambia kwamba nikeli imo, lakini ni kidogo na imetawanyika. Hayo ni kweli, na hatalazimika kuyafuta akifika sekondari.

Hapo ndipo penye kosa ninalolikuta katika madaftari mengi: sentensi isemayo kwamba sumaku huvuta metali. Mtoto anaiandika, anaikariri, kisha anakwenda nyumbani na kukuta sufuria ya alumini haivutwi, pete ya shaba haivutwi, wala hereni ya dhahabu ya mama. Hapo atachagua kati ya daftari na macho yake, na wengi huchagua daftari. Afadhali asiandike chochote siku ya kwanza. Mpe sumaku na rundo la vitu: kisoda, msumari, kijiko, kipande cha waya wa shaba, kifungo, mkaa, funguo, kipande cha kibuyu, sarafu. Abashiri kwanza, kisha ajaribu, na atenge mafungu mawili. Sarafu ya shilingi 500 iliyoanza kutumika mwaka 2014 ni ya chuma kilichopakwa nikeli, nayo inanaswa vizuri. Sarafu nyingine za zamani na mpya zitawapa ubishi mzuri, kwa kuwa mchanganyiko wa metali zake umebadilika mara kadhaa. Waacheni wabishane. Baada ya mafungu kukamilika, watoto wenyewe watasema kwamba si kila kinachong'aa huvutwa, na hapo mwalimu anaweza kulitaja jina la chuma.

Sumaku zipatikane wapi? Kwa fundi redio. Spika iliyokufa ina sumaku ya duara nyuma yake, nyeusi, nzito, yenye tundu katikati. Hiyo ni feraiti, jamii moja na udongo uliochomwa, iliyotengenezwa kwa oksidi ya chuma ikichanganywa na bari au stronti. Haipati kutu, bei yake ni ndogo, lakini ikianguka sakafuni huvunjika. Usisikitike ikivunjika, maana vipande vyake vina somo kubwa. Mwambie mtoto avirudishe kama vilivyokuwa. Atashangaa: vipande vinakataa. Kila akivisogeza kwenye nafasi yake ya zamani vinasukumana na kuteleza pembeni. Akikigeuza kimoja juu chini, vinarukiana na kung'ang'aniana. Hapo ameona kwa mikono yake mambo mawili ambayo vitabu huyaeleza kwa michoro: kwamba sumaku ina ncha mbili, na kwamba ukiivunja hupati ncha moja peke yake, bali kila kipande ni sumaku kamili yenye kaskazini na kusini yake.

Sasa tuje kwenye nguvu. Mtoto mdogo huamini kwamba kikubwa ndicho chenye nguvu, na ana haki, kwa sababu ng'ombe, trekta na baba yake vyote vimemfundisha hivyo. Msimwambie amekosea, mpeni kipimo. Sumaku ndogo iliyotoka kwenye kipaza sauti cha simu au cha masikioni mara nyingi ni ya neodimiamu, aina iliyotangazwa katikati ya miaka ya 1980 na watafiti wa Japani na wa Marekani kila upande kwa njia yake, na kwa uzito uleule ina nguvu mara nyingi kuliko feraiti. Hiyo ibaki mkononi mwa mwalimu, kwa sababu nitakazozieleza mwishoni. Lakini watoto waione ikishindana na duara kubwa la spika.

Vipimo vinavyowafaa watoto ni vitatu. Kwanza, pini: sumaku inabeba pini ngapi zikishikana mnyororo, moja chini ya nyingine? Pili, karatasi: weka karatasi moja kati ya sumaku na pini, kisha mbili, kisha tatu, mpaka pini ianguke. Tatu, umbali: pini imelala juu ya meza, sumaku inasogezwa taratibu kutoka mbali, mtoto atie alama kwa mkaa pale pini ilipoanza kutingishika. Asiyejua kuandika achore pini alizohesabu. Jambo la kuvutia ni kwamba vipimo vitatu havitoi mshindi mmoja kila mara. Sumaku pana inaweza kuvuta kutoka mbali kuliko ile ndogo, na ile ndogo ikashinda kwa kubeba uzito inapogusa. Usiharakishe kumaliza ubishi huo. Mtoto akishagundua kwamba nguvu hutegemea umeipimaje, amefika mbali kuliko mtu mzima anayejua tu kwamba sumaku ni kali au si kali.

Kipimo cha karatasi kina siri nyingine. Karatasi chache za mwanzo ndizo zinazopunguza nguvu sana. Umbali ukiongezeka mara mbili, mvuto haupungui nusu tu. Hupungua zaidi ya hapo. Watoto hawataki kanuni, ila wataiona kwenye michoro yao: pini nyingi, kisha chache, kisha hakuna kabisa.

Na kwa nini msumari uvutwe na mkaa usivutwe? Kila atomu ya chuma ni kama sumaku ndogo sana, kwa sababu ya elektroni zake. Ndani ya msumari wa kawaida atomu hizo zimejipanga kwa makundi, na kila kundi limeelekea kwake. Hapa nitumie mfano wa paredi ya asubuhi. Wakati wa mapumziko wanafunzi wamezagaa uwanjani, kundi hili linatazama mwembe, kundi lile linatazama lango. Kengele ikigongwa wote hugeukia mlingoti wa bendera. Sumaku ikikaribia msumari ndiyo kengele: makundi yanageukia upande mmoja, na msumari unakuwa sumaku kwa muda. Ndiyo maana pini iliyonaswa inaweza kunasa pini nyingine. Ukiiondoa sumaku, makundi mengi yanatawanyika tena. Katika feraiti ya spika hayatawanyiki kirahisi, ila ukiipasha moto mkali. Hata chuma chenyewe, kikifika nyuzi 770 za Selsiasi, hakivutwi tena kwa nguvu ile. Watoto wanaweza kuucheza mfano huu uwanjani wenyewe, nao huukumbuka.

Mawe ya asili yenye usumaku wa kudumu yalipataje kujipanga? Wataalamu wengi wanaona kwamba ni kazi ya radi. Mkondo mkubwa wa umeme ukipiga kilima chenye magnetaiti, kwa kufumba na kufumbua mawe ya juu yanapangika na kubaki hivyo. Uhusiano huo wa umeme na sumaku ulithibitishwa mwaka 1820, pale Hans Christian Ørsted wa Denmark alipoona waya wenye umeme ukiigeuza sindano ya dira. Kwa watoto wa nyanda za kati, wanaoijua radi ya Desemba na Januari, jambo hili halihitaji maelezo marefu.

Kutoka kwenye jiwe twende kwenye Dunia. Chukua sindano ya kushonea, isugue kwa sumaku mara nyingi kwa kuelekea upande mmoja tu, bila kurudi nyuma. Ilaze juu ya jani kavu linaloelea katika bakuli la maji, mbali na vyuma. Itageuka yenyewe na kutulia, ncha moja upande wa Kondoa, yaani kaskazini, nyingine upande wa jiji la Dodoma, yaani kusini. Isukume kwa kidole, itarudi. Mabaharia wa bahari yetu waliitegemea sindano hiyo karne nyingi. Ahmad ibn Majid, nahodha mkubwa wa Bahari ya Hindi, aliiandikia habari zake mwishoni mwa karne ya 15. Mwaka 1600 William Gilbert, tabibu wa Uingereza, alichonga mpira wa jiwe la sumaku, akazungusha sindano juu yake, na akahitimisha kwamba Dunia yenyewe ni sumaku kubwa.

Tazama bakuli tena kwa makini. Sindano inageuka, lakini haisogei kwenda upande wa kaskazini wa bakuli. Jambo hili lilionyeshwa na Robert Norman, fundi wa dira wa London, katika kitabu chake cha mwaka 1581, na bado linawapita watu wazima wengi. Uga sumaku wa Dunia, yaani eneo ambamo usumaku wake unafanya kazi, katika sehemu ndogo kama bakuli una nguvu ileile kila upande. Ncha moja ya sindano inavutwa kaskazini, nyingine inavutwa kusini kwa kiasi kilekile, hivyo sindano inageuzwa tu. Msumari unairukia sumaku ya spika kwa sababu nguvu ya spika ni kubwa upande wa karibu na ndogo upande wa mbali. Mtoto akiuliza kwa nini Dunia haivuti misumari iende kaskazini, jibu ni hilo, na anaweza kuliona majini.

Norman aligundua pia kwamba sindano iliyoning'inizwa kwa katikati haikai mlalo. Kwake London ncha ya kaskazini iliinama. Ikweta ya sumaku, yaani mstari ambapo sindano hiyo hukaa mlalo, inapita kaskazini mwetu, Ethiopia, kwa hiyo Haneti iko upande wake wa kusini na mambo ni kinyume: ncha ya kusini ndiyo inayoinama. Dira iliyosawazishwa kwa matumizi ya Ulaya huweza kukwaruza na kukwama ikiletwa hapa. Tena mtu asiiamini dira yoyote akiwa amesimama juu ya mwamba wenye magnetaiti nyingi, maana mwamba huo nao una lake la kusema.

Tanzania imechangia sura nzima katika elimu hii. Lava ikipoa, chembe za magnetaiti ndani yake hubaki zimeelekea upande ambao uga wa Dunia ulikuwa umeelekea siku hiyo. Katika miaka ya 1960 wanasayansi waliopima lava za Bonde la Olduvai walikuta kumbukumbu ya kipindi, karibu miaka milioni 1.9 iliyopita, ambapo uga wa Dunia ulikuwa umeelekea kama ulivyo leo, huku kabla na baada yake ukiwa umegeuka, kaskazini ikawa kusini. Kipindi hicho duniani kote kinaitwa kwa jina la Olduvai. Mwalimu amtajie mtoto jina hilo kwa fahari.

Kwa mwenye kupenda tarakimu: uga sumaku hupimwa kwa tesla. Wa Dunia katika nyanda zetu ni kati ya mikrotesla 30 na 35, yaani sehemu za milioni za tesla. Sumaku ya spika, kwenye uso wake, inauzidi zaidi ya mara 1,000. Mashine nyingi za MRI hospitalini zina tesla 1.5, zaidi ya mara 40,000 ya uga wa Dunia, na ndiyo maana mgonjwa huambiwa avue kila kitu cha chuma kabla ya kuingia. Watoto wadogo hawazihitaji tarakimu hizi. Mwalimu anazihitaji ili asitishwe na swali.

Juu ya lugha nina neno moja. Watoto wengi wa Haneti wanaingia darasani na Cigogo. Mtoto anayeeleza kwa lugha ya nyumbani kilichotokea kwenye uzi au kwenye bakuli, aachwe amalize. Kiswahili cha sumaku, ncha na nguvu kitamjia akiwa tayari na jambo la kukisemea. Na asiulizwe sumaku ni nini. Aulizwe: umeona nini, na ukiongeza karatasi moja itakuwaje?

Limebaki la usalama, nalo nalitilia mkazo kuliko yote niliyoandika. Sumaku ndogo kali, zile za neodimiamu zinazotoka kwenye simu, vipaza sauti na vitu vya kuchezea, zisiachwe mikononi mwa mtoto mdogo hata kwa dakika moja. Mtoto akimeza mbili, au moja pamoja na kipande cha chuma, zinavutana kutoka sehemu mbili za utumbo, zinaubana ukuta wa utumbo katikati na kuutoboa. Mwanzoni mtoto anaweza kulalamika tumbo tu, kama anayeumwa kwa kula embe bichi. Kwa somo tumieni duara la spika, ambalo haliwezi kumezwa, na vipande vyake vikubwa, vidogo vitupeni. Zihesabuni sumaku kabla ya somo, na mzihesabu tena kabla mtoto yeyote hajatoka mlangoni. Ikipungua moja na mkashuku imemezwa, msingoje dalili: mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, na mwambieni daktari wazi kwamba ni sumaku.